Mashine ya Mtu Mmoja

Siku fundi wa majeki alipomtia machoni yule dada kwa mara ya kwanza, alikuwa kapiga magoti chini ya meza yake ya kazi akitafuta nati iliyomponyoka. Kwa hiyo alianza kwa kuona viatu. Vilikuwa viatu vyeusi vya kufunga kamba, vimepakwa rangi vizuri, ila juu ya vidole vilikuwa na vidoa vyeupe vilivyoila ngozi, kama vilinyunyiziwa kitu kikali. Viatu vikasimama. Fundi alikuwa ameshaipata nati, iko kiganjani, lakini akaendelea kupapasa sakafu, maana hakuwa amejiandaa kuzungumza na mtu.

"Hodi hapa," sauti ikasema. "Kuna mwenyewe?"

"Yupo," fundi akajibu kutoka chini.

"Nimsubiri atoke, au niiname?"

Akatoka, suruali imejaa vumbi la chuma. Mbele yake alisimama mwanamke wa makamo, mwembamba, kashika kifurushi cha gazeti kwa mikono miwili kama anayebeba mayai. Alikifungua juu ya meza. Ndani mlikuwa na kapi mbili za shaba, yale magurudumu madogo yenye mfuo wa kupitishia kamba, zisizozidi vizibo vya chupa kwa ukubwa, na pembeni yake mizani ya springi.

"Mimi ni mhudumu wa maabara pale shule ya sekondari," alisema. "Hizi ni za kufundishia. Nataka unitengenezee kama hizi."

"Ndogo hivi?"

"Kubwa. Za kubeba mtu."

Fundi aliitazama nati iliyokuwa kiganjani mwake. "Mtu huyo… ni marehemu?"

"Ni mama yangu," dada alisema. "Na bado anasema, tena sana."

Mziba pancha wa jirani, aliyekuwa akisikiliza huku tairi liko mapajani, aliangua kicheko. Fundi alihisi masikio yake mwenyewe yakiwaka moto.

Alikuwa mtu wa haya namna hiyo. Alimaliza darasa la saba, akaingia kwenye karakana ya mtu, na tangu hapo kazi yake ikawa kufufua majeki, winchi na kila chombo cha kunyanyulia. Chumba chake cha kazi kilikuwa chembamba, katikati ya mziba pancha na muuza vyuma chakavu, na nyuma yake, ng'ambo ya pazia, palikuwa na kitanda chake. Alikula akiwa amesimama. Redio aliifungua asubuhi na kuifunga akienda kulala, na ungemuuliza imesema nini asingekuwa na jibu. Wateja walimwita Bwana Jeki, na walimpenda kwa jambo moja: mashine ikipita mikononi mwake haipigi tena kelele. Alikuwa na grisi ya kila aina, na aliipaka kwa kidole, polepole, kama anayempaka mtoto mafuta. Malipo alikubaliana na dada siku ileile na yakalipwa siku ileile, kwa hiyo hayana hadithi.

Kesho yake saa kumi jioni alikwenda kuipima nyumba. Ilikuwa mwisho wa uchochoro, vyumba viwili na jiko, mlango wa bati. Chumba cha mama kilikuwa na kitanda cha mbao, kiti cha magurudumu, na dirisha pana linalotazama njia. Mama mwenyewe alikuwa mwanamke mkubwa, wa mifupa mizito. Kiharusi kilikuwa kimemlaza upande wa kushoto miaka miwili nyuma, mkono na mguu, na maneno yake yalitoka yakiburura kidogo, lakini yalitoka.

"Ndiye huyu?" aliuliza. "Mbona haongei?"

"Shikamoo, mama," fundi akasema.

"Marahaba. Haya, umeongea, pumzika."

Akampa jina hapohapo, Bwana Kimya, na hakumwita vingine tena.

Wakati akipima dari, dada alimweleza shida yao kwa sauti ya chini, ingawa mama alisikia kila kitu na kusahihisha. Zamani jirani mmoja mwenye nguvu alikuwa akiingia asubuhi na jioni, wakimnyanyua wao wawili. Jirani akahama. Tangu hapo dada alihangaika na shuka, akivuta huku na kusukuma huku. Wiki iliyopita mama alimponyoka, akaenda chini taratibu kama gunia linalopwaya. Hakuumia. Lakini walikaa sakafuni wote wawili tangu saa nane hadi saa kumi, hadi mtu wa kusoma mita alipopiga hodi.

"Nilimwambia aniachie mto akapike," mama alisema. "Akakataa. Akakaa chini na mimi kama tuko safarini."

Habari ilimfikia kaka yake dada, mtoto mkubwa wa mama, anayeishi mji wa mbali, mwendo wa siku mbili. Kaka alipiga simu. Alisema mwisho wa mwezi anakuja. Akikuta mdogo wake anaweza kumtoa mama kitandani na kumweka kwenye kiti peke yake, bila kumwita mtu, ataondoka kama alivyokuja. Akikuta hawezi, ataondoka na mama. Zilibaki wiki tatu.

"Kwake ni ghorofa ya tatu," mama alisema. "Dirisha linatazama ukuta. Nimeshawahi kulala pale. Nilihesabu matofali."

Dada alikunja mkanda wa kupimia, akaukunjua, akaukunja tena. Baadaye, walipokuwa jikoni wakitafuta ngazi, alisema tu, "Akiondoka, fundi, sijui nitakuwa namjibu nani."

Siku hiyo, kabla ya kuondoka, fundi aliombwa asaidie kumhamisha mama. Dada alishika miguu, fundi akapitisha mikono chini ya mabega. Mkono mzima wa mama ukamzunguka shingoni na kumkaza. Ulikuwa mkono wa moto, mzito, unanuka sabuni. Fundi hakukumbuka mara ya mwisho mtu kumshika shingo ilikuwa lini. Alimweka mama kitini kwa uangalifu hata dada akamuuliza kama mgongo unamuuma.

Basi akawa anakwenda kila siku saa kumi. Kwanza wanamhamisha mama, halafu kazi. Mziba pancha aliona.

"Bwana Jeki, leo umeoga mara ya pili?"

"Kuna jasho."

"Jasho lilikuwepo miaka yote hiyo, ndugu yangu. Wewe ndiye ulikuwa hupo."

Katika siku hizo fundi alimjua dada kidogo kidogo, kwa vipande, maana dada naye hakuwa mwepesi wa kujieleza. Alikuwa na darasa la saba kama yeye. Aliingia shuleni pale kufagia, akiwa msichana, baba alipofariki, na baadaye wakamhamishia maabara kwa kuwa havunji vitu. Miaka ishirini na miwili alikuwa akiosha chupa na mirija ya kioo kwenye chumba kidogo kilicho nyuma ya ubao, na mlango wa katikati haukuwahi kufunga vizuri. Kwa hiyo kila mwaka alisikia masomo yaleyale kwa mfuatano uleule, sauti ya mwalimu ikipita kwenye upenyo huku yeye akisugua. Chakula cha mchana alikula humo humo. Walimu walikuwa na chumba chao na wafagiaji walikuwa na kibaraza chao, na yeye hakuwa wa huku wala wa kule. Alisema zamani alizoea kuzungumza na chupa, akaacha siku mwanafunzi mmoja alipomjibu akidhani ameitwa.

"Na mwalimu anasema nini kuhusu kapi?" fundi aliuliza siku moja, akiwa juu ya ngazi, mgongo umemgeukia. Kuuliza ukiwa umempa mtu mgongo ni rahisi zaidi.

Dada aliweka mikono nyuma. "Anasema, mashine ina mambo matatu. La kwanza, uwiano wa mwendo. Ni kamba umeivuta kiasi gani, na mzigo umepanda kiasi gani. Ukivuta mita nne mzigo ukapanda mita moja, uwiano ni nne. La pili, manufaa ya mashine. Ni uzito wa mzigo ukigawanya kwa jitihada, yaani nguvu unayotia wewe. La tatu, ufanisi. Chukua manufaa, gawanya kwa uwiano wa mwendo. Kama mashine ingekuwa haili kitu, vingelingana. Lakini inakula. Hapo mwalimu huwa anasema, 'Hakuna mashine ya bure, hata kalamu hii.' Wanafunzi wanacheka. Miaka ishirini na miwili sijajua wanacheka nini."

"Labda kalamu anaishika vibaya," mama alisema kutoka kitini.

Fundi alijua vitu hivyo kwa mkono, siyo kwa jina. Alijua kwamba kamba zikiwa nyingi mzigo unakuwa mwepesi lakini unavuta hadi unachoka. Alijua kwamba kila gurudumu linataka chake. Kusikia mambo ya mikono yake yakipewa majina na sauti ile ya chini kulimfanya ashuke ngazi akanywe maji.

Alichonga kapi nne. Mbili alizifunga kwenye boriti, mbili zikaning'inia chini, na chini ya hizo akafunga kiti cha turubai chenye mikanda. Kamba nne zilishika kapi za chini. Ile ya tano, ya kuvutia mkononi, ilishuka kutoka juu, na dada alimkataza kuihesabu.

"Hiyo haibebi, inageuza njia tu. Wanafunzi wote wanakosea hapo."

Mama na kiti hicho cha turubai walikuwa kilo themanini na moja. Wakajaza mchanga kwenye gunia hadi uzito huohuo, wakaliketisha kwenye turubai. Dada alinasa mizani ya springi kwenye kamba akavuta. Ilisoma ishirini na saba.

"Themanini na moja kwa ishirini na saba," alisema, "manufaa ni tatu. Uwiano wa mwendo ni nne. Tatu kwa nne. Ufanisi wako ni robo tatu, fundi."

"Na robo iko wapi?"

"Imeliwa."

Hilo lilimchoma. Alizishusha kapi zote, akazisugua kwa msasa laini hadi zikang'aa, akazijaza grisi yake nzuri iliyokaa kopo la peke yake. Walipopima tena, mizani ilisoma ishirini na nne. Kapi zilizunguka bila hata kunong'ona. Fundi alisimama akizitazama, na kama mtu angemwangalia usoni wakati ule angemwona akitabasamu.

"Sasa jaribu peke yako," alimwambia dada.

Dada alivuta. Gunia likapanda vizuri, sentimita arobaini juu ya kitanda. Sasa ilimpasa aligeuze kuelekea kiti cha magurudumu. Fundi alikuwa ameweka kulabu ukutani ya kufungia kamba, lakini kufunga kunataka mikono miwili, na mgonjwa akining'inia anataka mkono mmoja mgongoni asipinduke. Dada alishika kamba kwa mkono wa kulia, akanyoosha wa kushoto kulizuia gunia lisizunguke. Kamba ikamchomoka. Mchanga wa kilo themanini na moja ukashuka wote kwa pamoja, ukapiga ukingo wa kitanda, ubao ukakatika, gunia likapasuka sakafuni.

Vumbi lilipotua, mama alikuwa akitazama ule mchanga kutoka kitini kwake.

"Huyo ni mimi," alisema.

Dada alichukua ufagio. Fundi aliusogelea ubao uliovunjika, akaupapasa, akasema ataleta mwingine kesho, kisha akaondoka bila kuaga. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Hakulala vizuri, na asubuhi hakuweza kazi. Aliketi mbele ya meza akayapitia yote. Kosa lilikuwa lake, na lilikuwa lilelile lililompa sifa kwa wateja. Siku zote aliamini mashine njema ni ile isiyokula kitu. Sasa alikuwa ametengeneza chombo chepesi kupanda, na kwa wepesi uleule kikawa chepesi kushuka. Grisi haijui juu wala chini.

Mbele yake, kwenye jiliwa, kilikuwa kimebanwa chombo alichokidharau kuliko vyote dukani: jeki ya skrubu, ya zamani, ambayo mteja aliilalamikia kuwa ngumu. Ukiizungusha inanguruma, inakula nguvu, inapanda kwa ukucha. Lakini fundi hakuwahi katika maisha yake kuona jeki ya skrubu ikishuka yenyewe. Unaweza kuiacha chini ya lori, ukaenda kunywa chai, ukarudi ukaikuta palepale.

Saa kumi haikufika. Alifunga duka saa sita, jambo ambalo mziba pancha hakuwahi kuliona, akaenda hadi shuleni, akasimama getini. Mlinzi alimuuliza anamtaka nani, akashindwa kusema, akaonyesha viatu kana kwamba ndiyo jina la dada. Ikabidi aeleze vizuri. Dada alitoka, mikono ina povu.

"Mwalimu anasema nini kuhusu skrubu?" fundi aliuliza bila salamu.

Dada alifumba macho kidogo. "Skrubu. Uwiano wa mwendo ni mkubwa sana. Mkono unazunguka duara zima, na mzigo unapanda jino moja tu. Lakini ufanisi ni mdogo, mara nyingi haufiki nusu. Halafu anasema…" Akafumbua macho. "Anasema, mashine ikila zaidi ya nusu, hairudi nyuma yenyewe. Inashika mahali ulipoiachia. Mimi siku zote nilidhani anaikashifu."

"Hata mimi nimeikashifu miaka yote," fundi alisema.

Walisimama pale getini, povu likikauka mikononi mwa dada. Ndiyo yalikuwa mazungumzo marefu kuliko yote waliyowahi kuwa nayo wakitazamana usoni.

Kwa muuza vyuma chakavu alipata skrubu ndefu iliyotoka kwenye lango la mfereji wa maji, nene kama kifundo cha mkono, yenye meno mapana ya sentimita moja moja. Alichomelea nguzo ya chuma, akaisimamisha kati ya sakafu na boriti, ikizunguka kwenye vikombe vya chuma juu na chini. Skrubu aliifunga wima ubavuni mwa nguzo. Nati ilipanda na kushuka juu yake, na kutoka kwenye nati ulitokeza mkono wa chuma wa kuning'iniza kiti cha turubai. Mwisho wa chini wa skrubu, usawa wa kiuno, alifunga usukani wa gari, umelala kama sinia. Unazungusha usukani, mama anapanda. Unachomoa pini inayoizuia nguzo, unaisukuma, mama anageuka hadi juu ya kiti. Unazungusha kinyume, anashuka.

Dada aliupima usukani kwa uzi. "Mzunguko wake ni sentimita mia moja ishirini na sita. Na mzigo unapanda sentimita moja. Uwiano wa mwendo mia moja ishirini na sita." Akanasa mizani kwenye usukani, gunia jipya likiwa juu. "Kilo mbili na nusu. Manufaa ni thelathini na mbili na kidogo." Akaandika kwenye kiganja kwa kalamu. "Ufanisi ni robo na ushei, fundi. Karibu robo tatu yote inaliwa."

"Acha ile ishibe," fundi alisema.

Kopo la oili lilikuwa mkononi mwake. Alilitazama, akadondosha matone mawili ili meno yasilane, akalifunga. Skrubu ilipozunguka ililia, mlio mrefu wa chini. Ilikuwa kazi ya kwanza kutoka mikononi mwake inayopiga kelele.

"Inagumia kama mimi nikiamka," mama alisema. "Nimeipenda."

Kisha aliomba apandishwe yeye. Mizunguko arobaini. Alihesabu kwa sauti, akichanganya hesabu na habari za watu wa uchochoroni, ishirini na moja, yule kijana ameoa, ishirini na mbili, na hakualika mtu. Dada alizungusha, akimjibu. Fundi alisimama karibu na mlango, mikono imekaa tu, hajui aiweke wapi. Siku hiyo mama hakuhitaji kumshika shingo mtu yeyote.

Kaka aliwasili siku aliyosema. Alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa, na alimsalimia mama kwa mapenzi ya kweli, akapiga goti, akambusu mkono ulio hai na ulio mfu. Kisha akaketi kwenye stuli.

"Na huyu ni nani?"

"Ni fundi," dada alisema.

"Fundi wa nini? Mbona anatoka jasho na hafanyi kitu?"

"Ndiyo kazi yake leo," mama alisema. "Kutofanya kitu. Wewe ndiye uliyeweka sharti."

"Mama, mimi sina ubaya. Nilipoambiwa umelala sakafuni kwa saa mbili sikula siku ile. Haya, mdogo wangu. Nionyeshe."

Dada alimpindua mama ubavu, akapitisha turubai, akamrudisha, akapitisha upande wa pili. Alifunga mikanda minne. Akalishika lile duara la usukani kwa mikono miwili. Skrubu ikalia. Moja, mbili, tatu. Mama hakuhesabu kwa sauti leo. Midomo yake tu ndiyo iliyocheza. Fundi alihesabu kimoyomoyo. Kwenye kumi na saba, mama akiwa hewani vidole vinne juu ya godoro, mkono wake uliopooza uliteleza nje ya turubai na kunasa kati ya mbao za kichwani mwa kitanda. Mama hakuhisi, mkono ule haukuwa na hisia. Mzunguko mwingine mmoja au miwili ungeuvunja.

Dada aliona. Aliuachia usukani.

Kaka akaruka kutoka kwenye stuli, mikono mbele. Fundi naye alisogea hatua moja, akajizuia kwa kushika fremu ya mlango. Mama alikuwa akining'inia pale, kilo themanini na moja pamoja na kiti, hakuna mtu aliyeshika kitu, na hakushuka hata unywele. Usukani ulikaa palepale ulipoachwa. Dada alienda upande wa kichwani bila haraka, akaufungua mkono wa mama kidole kwa kidole, akauvuta, akaufuta vumbi, akaulaza tumboni na kuufunikia ncha ya turubai. Alichukua muda. Akarekebisha hata ukosi wa gauni. Kisha akarudi kwenye usukani, akaendelea, kumi na nane.

Kaka alikuwa bado kasimama na mikono mbele. Akaiteremsha. Akaketi.

Alipofika arobaini dada alichomoa pini, akaisukuma nguzo kwa kiganja, mama akageuka polepole kama mlango. Mizunguko ya kushuka. Mama akatua kwenye kiti cha magurudumu, akasukumwa hadi dirishani, akatazama nje.

"Yule kijana kaoa," alimwambia mwanawe mkubwa. "Umesikia?"

"Sijasikia, mama." Kaka alijipangusa uso. Akamtazama mdogo wake. "Haya. Abaki."

Dada alikaa ukingoni mwa kitanda, akaweka mikono mapajani. Alicheka kidogo, kwa pumzi, bila sauti, na fundi aliona kwamba hakuwahi kumwona akicheka.

Hakuwa na la kufanya tena pale. Alikusanya spana zake, akazihesabu, akazipanga kwenye mfuko kwa ukubwa, akazitoa, akazipanga upya. Mama alikuwa akisimuliana na mwanawe. Dada alimsindikiza.

Aliyoambiwa mlangoni siku hiyo ndiyo maneno ya mwisho aliyowahi kusikia kutoka kwake. Haukutokea ugomvi. Kesho yake ilipofika saa kumi aliongeza sauti ya redio na kukaa mbele ya meza. Wiki ya pili alichukua kopo la oili, akafika hadi kona ya uchochoro akiwa na maneno tayari, kwamba amekuja kuiangalia skrubu. Akasimama. Aliitengeneza vizuri, haikuwa na haja ya kuangaliwa kwa miaka kumi, na dada angelijua hilo kwa hesabu. Akarudi. Siku moja alimwona dada ng'ambo ya barabara kabeba sanduku la chupa, yeye fundi akainama kufunga kamba za kiatu, na alipoinuka dada alikuwa amepita. Mwaka wa tatu mziba pancha alimwambia kwamba mama wa nyumba ya mwisho amefariki usingizini, na binti yake amehama kumfuata kaka. Waliohamia waliuza vyuma vya humo kwa muuza vyuma chakavu. Fundi hakwenda kutazama.

Lakini siku ile mlangoni dada alikuwa na furaha, na furaha ile ilimfanya awe mwepesi wa maneno kuliko siku zote. Alikuwa amembebea mfuko wa spana hadi nje. Akampa, akashusha macho, akasema:

"Umetuhangaikia wiki tatu nzima, fundi, hata naona haya. Kesho kaa kazini kwako, usijisumbue tena kuja. Sasa naweza peke yangu."